Waridi Lako Sasa Liko Makambako

Baba Lusungu, mume wangu,

Barua nilizokutumia zimerudi zote, na hii sijui niipeleke wapi. Nitampa mtu anayekwenda kwenye mashamba ya mkonge Tanga aisome kwa sauti kambini. Wakiisikia wengine, na wasikie. Sina la kuficha.

Unakumbuka ulivyolileta lile tawi la waridi kutoka misheni, ulikokuwa unapasua mbao? Ulilifunga kwa kitambaa kibichi, ukalibeba ndani ya koti kama kifaranga, na miiba ikakuchana kifua. Nilikucheka, nikauliza kama tutakula maua. Ukasema, "Hili si la kubembelezwa, Mama Lusungu. Linaizoea baridi kama sisi." Tukalipanda mbele ya nyumba, wewe ukichimba, mimi nikimwaga samadi. Mwaka ule jalidi iliunguza viazi vya bonde zima, majani yakawa meusi, lakini lenyewe likatoa machipukizi mekundu. Ulipoondoka kwenda mkonge lilikuwa linanifika kiunoni. "Likifika dirishani," ulisema, "nitakuwa nimerudi."

Lilipita dirisha.

Kisha akarudi mtu wa kijijini, akasema ulibebwa kwenda hospitali ya kambi ukiwa na homa, na tangu hapo hakukuona tena. Hakuliona kaburi. Lakini siku ile ile mama yako akavaa nguo nyeusi, na watu wakaanza kukutaja kwa sauti ya chini. Waliponitaka ninyoe nywele nilikataa. Nilisema mume wangu hajaja kuniaga.

Ndipo mdogo wako akaanza kuja. Alikaa kwenye kigoda chako akaomba ugali. Nilimpa, nikamwambia, "Shemeji, ukimaliza uende kwako."

"Kwangu ni hapa," akasema. "Ukoo umeshaongea. Mke wa kaka na mtoto wa kaka nitawatunza mimi."

Aliyasema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Nikawa naegemeza gogo mlangoni jua likiwa bado juu. Lusungu akijifunza kusoma, mimi nasikiliza miguu uani.

Jumapili moja tulirudi kanisani tukamkuta ameshika panga. Waridi lote alikuwa amelikata hadi chini, maua yamekanyagwa kwenye tope. Alitaka kusimamisha nguzo za chumba chake pale pale. Lusungu akapiga kelele. Mimi nilivua viatu, sijui kwa nini, nikasimama juu ya kile kisiki, miiba ikaniingia nyayoni.

"Kama unalitaka na shina, anza na miguu yangu."

Akainua panga. Labda alitaka kunitisha tu. Mpaka leo sijui. Mama yako alitoka jikoni na ile nguo yake nyeusi, akaja akasimama mbele yangu, mgongo wake ukinigusa.

"Shusha," alimwambia.

"Mama, kaka amekufa."

"Nani amemzika? Shusha!"

Akashusha.

Wazee walipokaa, mdogo wako alidai mila, mchungaji akasema kanisa haliruhusu mjane kurithiwa, sembuse mke ambaye mumewe hajulikani aliko. Walibishana mpaka sauti zikawakauka. Mimi niliomba neno moja: niende kwa shangazi yangu Makambako, nikungoje huko. Mdogo wako akasema niende, ila mtoto abaki, ni wa ukoo. Nilimshika Lusungu mkono kwa nguvu mpaka akalalamika.

Mama yako ndiye aliyejibu. "Mimi najua kukaa bila mtoto kulivyo. Sitamfanyia hivyo mwanamke mwingine. Atakwenda na mama yake." Kisha akasimama akatoka nje, na hakuna mzee aliyethubutu kumwita arudi.

Alinisaidia kung'oa shina. Tulilifunga kwenye gunia na udongo wake, akaniombea uani, na sikuona machozi yake mpaka tulipoachana njiani.

Makambako kuna upepo na vumbi, na shangazi alisema kisiki kile ni kuni. Nimekipanda ubavuni mwa nyumba yake. Kimechipua. Lusungu anakimwagilia maji ya kuoshea vyombo, na ananiuliza sura yako ilikuwaje. Namwambia atazame paji la uso wake.

Sijatulia, mume wangu. Mdogo wako ametuma salamu kwamba baada ya mavuno atakuja na wajomba. Wewe unamjua, akisema harudi nyuma. Nimemjibu kwamba atanikuta.

Malori yanayorudisha watu kutoka mkonge husimama hapa, karibu na nyumba ya shangazi. Kila likisimama mimi hutoka mlangoni na unga mikononi, natazama kila anayeshuka, mpaka wa mwisho. Madereva wameshanizoea. Hawaniulizi tena.

Kama uko hai, shuka hapa, usipitilize hadi nyumbani Njombe. Na kama hupo, basi anayesoma barua hii na anitumie neno la kweli, hata likiwa baya. Nitavaa nguo nyeusi kwa mkono wangu mwenyewe, siku nitakayochagua mimi, na sitavalishwa na mtu.

Mkeo,
Mama Lusungu