Mshono wa Kwapani

Jumatatu, 3 Juni

Nimetoka kwa fundi cherehani. Gauni la Alhamisi limenikaa, ila kwapani mshono umepinda. Nikamwambia, fumua. Akasema, mama, hapo nani atapaona, kwani utakwenda umenyanyua mikono? Nikamwambia mimi ninayelivaa najua, yatosha. Kanuna. Anune! Kafumua.

Alhamisi Kiroboto anasimama mbele ya maprofesa. Mjukuu wangu. Nimemlea mimi tangu mama yake afariki, na hilo jina nilimpa mimi kwa kutotulia kwake. Wakiridhika naye, anaajiriwa chuoni. Nimeshatangaza mtaa mzima. Wale waliosema hesabu zitamkausha mtoto wa kike, waje wakae mbele!

Jumanne, 4 Juni

Leo nimembana: hiyo kazi yako ni nini hasa? Maana fundi aliniuliza, nikabaki kukohoa.

Kachora viduara na mishale nyuma ya bahasha. Kila kiduara ni jeni, zile za mwilini. Hii inaiwasha ile, ile inaizima nyingine. Nikasema kama humu ndani: mimi namzima baba yako, baba yako anazima redio. Kacheka mpaka chai ikamtoka puani.

Yeye hashiki damu wala darubini. Kazi yake mantiki — kama hii imewaka na ile imezimika, basi lazima iwe hivi. Kwa njia hiyo amethibitisha kwamba mitandao yote ya namna fulani, ndivyo anavyoita viduara vilivyounganishwa kwa mishale, ihangaike itakavyo, mwisho hutulia. Yote! Hakuna hata mmoja wa kuzunguka milele. Watu wa maabara wanaingoja kauli hiyo wapange majaribio yao.

Nimeelewa robo. Robo yangu inanitosha kuringa.

Jumatano, 5 Juni

Balaa.

Kiroboto yuko jikoni tangu asubuhi, chakula hataki. Kapata mtandao mmoja, mdogo, una sifa zote alizozitaja — na hautulii. Unazunguka tu. Nikasema, mmoja? Ufute! Kasema, bibi, ukishasema "yote", mmoja unatosha kukuumbua.

Kampigia Profesa, msimamizi wake. Simu ilikuwa mezani inabweka, nani asingesikia? Profesa anasema itoe kama ilivyo, hakuna atakayeona, tutaziba baadaye, na jina langu limo humo. Baba yake naye kadakia: heri nusu shari kuliko shari kamili. Huyo mwanangu, mtu wa nusu tangu tumboni.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikasimama upande wao. Nikafoka. Umesoma ukapumbaa? Kazi iko mdomoni unaitema? Nani kakutuma ujichongee? Na fundi nitamwambia nini?

Kanitazama kwa upole wake wa kuudhi. "Bibi, si ulimwambia afumue?"

Mtoto hana adabu! Nikatoka nje, nikaanza kufua nguo zilizokwisha kufuliwa.

Niliporudi nikamsukumia sahani. Nikamwambia kula. Anayefumua anataka nguvu.

Alhamisi, 6 Juni

Naandika ukumbini, daftari pajani. Viti vigumu kama roho ya mwenye nyumba wetu. Gauni limetulia, kwapa na yote.

Mlangoni Profesa alinijia, shikamoo ya kuinama mpaka chini. Kasema, bibi, wewe anakusikia, mwambie asijiharibie maisha, bado mdogo. Nikamjibu, marahaba. Nimemlea kusema kweli na nimemlea kulala na njaa, yote mawili anayaweza. Kakohoa. Akohoe.

Kiroboto kapanda jukwaani. Kwanza kadogo, kama wa darasa la tatu vile. Kaandika kauli yake ubaoni, herufi kubwa, "yote" kaipigia mstari. Kisha kageuka. Kasema hii si kweli, na nitawaonyesha kwa nini.

Minong'ono. Anachora viduara vyake. Chaki imemkatikia mara mbili. Chora, mama! Mzee mmoja wa mbele katoa kalamu, anachora naye.

Profesa kainuka. Yumo safu yetu hii, katikati. Anataka kutoka aende mbele akamkatize, uso wote umemwiva. Keshavuka magoti ya watu, kafika kwangu. Samahani bibi, naomba njia.

Mwisho wa safu nimekaa mimi. Na magoti yangu haya ya uzee hayakunjiki kwa haraka. Tena aone mtu yumo anaandika. Asubiri kidogo —