Kufuli la Mlango wa Paa

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, na sweta ulilonifumia linasifiwa bweni zima.

Ngoja nikusimulie kuhusu Kiranja, dada wa mwaka wa tatu anayesimamia ghorofa yetu. Wiki yangu ya pili hapa alinigongea mlango, akanikabidhi ufunguo wa mlango wa paa, kule kwenye kamba za kuanikia nguo. "Mdogo wangu, kuanzia leo anayetaka kuanika aje kwako." Akaenda zake.

Basi sikupumua tena! Asubuhi hodi, jioni hodi. Sasa nawajua wote arobaini, mpaka yule anayesahau soksi kila wiki.

Juzi nikamlalamikia mama anayetufanyia usafi kwamba kazi ya ufunguo ni nzito. Akacheka mpaka akaegemea ufagio. "Mlango ule haukuwahi kuwa na kufuli, mwanangu. Kiranja alilileta siku ileile aliyokupa ufunguo."

Shangazi, sikukwambia. Nilikuwa sitoki chumbani ila kwenda darasani, na siku ile sanduku langu lilikuwa kitandani, limeshafungwa, nirudi nyumbani. Kiranja aliliona, akajifanya hajaliona.

Baba asijue. Sanduku sasa nalitumia kutunzia vibanio vya nguo vya ghorofa nzima.

Ni mimi mwanao,
Mwenye Paa