Chungu cha Shangazi

Ndugu yangu, nimetoka kazini makumbusho sasa hivi, na hasira bado haijaniisha.

Unakikumbuka kile chungu ambacho shangazi alituazima kwa maonyesho ya maisha ya kale? Mkurugenzi amefuta maelezo yangu na kuandika: "Chungu cha kukingia damu ya kafara." Damu! Chini yake ameliacha jina langu, eti mtafiti.

Leo shangazi amekuja na wajukuu kukiona. Akasoma, akarudia kusoma, akanigeukia. "Mwanangu, hiki si ndicho ninacholowekea maharage?"

Mkurugenzi akamjibu mbele ya wageni: "Mama, watu hawalipi kiingilio kuona maharage."

Hawalipi kiingilio kuona maharage! Kwa mujibu wake, watu wa kale hawakuwahi kuona njaa. Walikuwa na kafara tu.

Mgeni mmoja akamuuliza shangazi iwapo mama yake aliwahi kuchinja mtu. Wajukuu wakamtazama bibi yao, wakisubiri jibu.

Shangazi alikinyanyua chungu, akakikumbatia, akaelekea mlangoni.

"Mzuie!" mkurugenzi akaniamuru.

Mlango ule ni mzito, nawe waujua. Nikamfungulia shangazi, nikaushikilia hadi mjukuu wa mwisho alipotoka.