Malori Yalikuja Tumeshakula

Kitaji, Jumamosi

Malori, ndivyo nilivyoandika. Kitabu changu cha historia, nilichokiandika ugenini, kinasema malori ya chakula ndiyo yaliyotuokoa na njaa ile ya utotoni mwangu kule Nyamuswa.

Leo nimemtembelea Bibi Nyangeta, aliyeuza samaki pamoja na mama. Alinicheka. "Mwanangu msomi, malori yalikujaga tumeshakula! Sisi ndio tulibeba furu wakavu kutoka ziwani kwa miguu, tukabadilisha na mtama. Hukutuona?"

Nikamwomba majina ya wenzake. Alimtaja mama, akataja wengine wawili, akashika kidole cha nne. "Na yule aliyekuwaga anakubeba mgongoni. Jina limenitoka."

Nami silijui. Nakumbuka mgongo wake tu, ukinuka samaki, na mimi nimelala juu yake, nimeshiba.