Ngolo na Sauti za Kwenye Mpunga

Majimoto, Mpimbwe,
Katavi.

Kwa dada yangu Holo,

Mwangaluka, dada. Nakuamkia kwa magoti yote mawili japo hunioni. Mhola, ni salama huko nyumbani? Kifua cha mama kimepoa, au bado anakohoa na kusema ni vumbi tu? Na pamba, mwaka huu imewakubali? Sisi huku tunapumua. Mume wangu, Baba Kwangu, ule mguu aliokanyagwa na ng'ombe umepona, amebaki kuchechemea pale tu anapotumwa kazi. Mwanetu Kwangu ameota meno mawili ya mbele na ana maneno mengi kuliko wewe. Mpunga tumevuna salama, uko ndani.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Nimeiogopa simu, dada. Wewe ukipokea unaweka sauti kubwa ili mama asikie, na mama yake Ngolo akijua simu imetoka Katavi anavuka ua anakuja kukaa nanyi. Kila mara ananiuliza kama mwanae hajambo, na mimi namjibu hajambo, anawasalimia. Nimekuwa nikidanganya tangu mwezi wa nne. Sasa nimempata mwalimu mmoja wa shule ya hapa anayekuja likizo Maswa, nimemwomba akupe barua hii mkononi mwako na si kwa mtu mwingine. Kaa mahali peke yako, usome yote ndipo uamue.

Ngolo si mzima. Mwili wake unatembea, lakini akili imeugua, tena imeugua sana.

Unajua tulivyokuja huku. Mumewe alipoenda kusini na ng'ombe akaoa mwingine na kuganda huko, mimi nilimwambia Ngolo ahamie jirani yangu. Tukajengewa nyumba mbili kwenye uwanja mmoja. Majaruba yetu ya mpunga yamepakana, jembe tunaazimana, ugali tunakula sahani moja. Baba Kwangu alikuwa ananitania kwamba yeye ndiye mgeni pale nyumbani. Kwa hiyo ukiniuliza ilikuwaje nisione mapema, huna kosa. Hata mimi najiuliza.

Wewe ni mtu wa pamba, huijui kazi ya kuamia ndege. Mpunga ukianza kutia maziwa, kwelea kwelea wanashuka kundi kwa kundi, ukilala asubuhi moja tu unavuna makapi. Basi kabla jua halijatoka kila mtu yuko juu ya dungu lake, yaani kichanja cha miti katikati ya shamba. Unapiga debe, unavuta kamba yenye makopo, unarusha kombeo, unapiga kelele hadi jua lizame. Siku inakuwa ndefu, kwa hiyo watu wanaitana dungu kwa dungu. Wanataniana, wanaulizana ya jana, wanatukanana bila kununa. Ukipita barabarani unasikia bonde zima linaongea na huoni mtu. Hakuna anayemshangaa mtu anayepiga kelele peke yake, maana ndiyo kazi yenyewe.

Ngolo alikuwa hodari wa kazi hiyo tangu zamani, ila msimu huu alizidi. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kushuka. Aliongea, akajibu, akagomba, akacheka, akanyamaza kidogo, akaanza tena. Ndege hawakutua kwake hata mmoja. Wenye majaruba ya jirani wakaja kumwomba awaamie na ya kwao. Mimi nilivimba kichwa, nikawaambia watu mnaona, huyo ndiye Msukuma, mwenzangu wa tangu utotoni. Dada, ulikuwa ugonjwa, na mimi nikausifia mbele ya watu. Jambo hilo linaniuma nikiwa nafua, nikiwa napika, popote.

Siku moja mchana nilimpelekea chakula. Nilimkuta amekaa, kombeo mapajani, hapigi kelele. Anasikiliza. Akaniuliza, "Minza, unawasikia wale wanaoniita?"

Ng'ambo ya mfereji vijana walikuwa wanaitana kama kawaida yao, tena kuna mmoja mwenye sauti ya kukwaruza ambaye hutania kila mwanamke. Nikadhani ndio hao. Nikamjibu, "Nawasikia. Achana nao, hawana kazi."

Akanishika mkono akaubana sana, kisha akala. Mimi nikarudi zangu na sahani.

Tulipovuna, kelele ziliisha. Watu walirudisha madebe nyumbani, bonde likawa kimya. Ngolo hakunyamaza. Kila alfajiri alikwenda kwenye mabua matupu akapanda dungu, akawa anabishana na watu wasioonekana. Hapo ndipo kila mtu alipoona. Aliziba dirisha lake kwa udongo. Akaacha kuoga, yeye Ngolo aliyekuwa akitusumbua kwa usafi. Akavunja mtungi wake akisema maji yanampeleleza. Nilimbembeleza, nikamfulia, nikamnyoa nywele alipokubali. Nikawaambia watu ana malaria iliyopanda kichwani, nami nikajaribu kuamini hivyo.

Usinicheke kwa hili linalofuata, wewe uliyesoma hadi kidato cha nne. Nilimpeleka kwa mganga. Kila jirani alisema ni mashetani ya bondeni, Baba Kwangu akasema hivyo hivyo, na mimi sikuwa na neno jingine la kuuita ugonjwa ule. Ngolo alikubali kwa sababu nilikuwa naye. Tulipanda bodaboda moja mshikaki, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika kiuno ili asianguke. Njiani alilaza kichwa chake begani mwa dereva kama mtoto aliyechoka.

Yule mganga si mtu mbaya. Alitupa kigoda, akatupa maji, akamuuliza kwa upole anasikia nini. Ngolo akamweleza yote, na mimi ndipo nilipoyasikia kwa mara ya kwanza: kwamba kuna watu kwenye mpunga wanamwita kwa jina, wanamwambia atachukuliwa, wanajua hata anachokula. Mganga akatikisa kichwa, akasema, "Adui wa mtu hatoki mbali. Hutoka kwa unayekula naye. Nani mwingine anawasikia?"

Ngolo akageuka taratibu akaniangalia. "Minza anawasikia. Aliniambia mwenyewe."

Nilifungua mdomo nieleze habari za vijana wa ng'ambo ya mfereji, nikaona kila ninachosema kinazidi kunifunga. Mganga hakunitaja, lakini hakunitetea pia. Tulipotoka Ngolo alikataa kupanda pikipiki. Alirudi kwa miguu jua kali, na kila nilipomsogelea alikimbia. Tangu siku hiyo hajala chakula kilichotoka mkononi mwangu.

Wiki iliyofuata nilikwenda kisimani nikamkuta kasimama mbele ya wanawake wenzangu. Akaninyooshea kidole, akasema, "Nyie mnacheka naye tu. Huyu ndiye mwenye wale watu." Wanawake waliinua ndoo zao wakaondoka mmoja mmoja, na waliokuwa wakinisubiri kila siku tuongozane hawakunisubiri. Dada, wewe unajua kwetu sisi neno hilo likishatamkwa linaweza kufanya nini. Unakumbuka yaliyompata yule bibi wa ng'ambo ya mto aliyeitwa mchawi. Nimeogopa, sikufichi. Nimemwogopa hata Ngolo, kisha nikajichukia kwa kumwogopa.

Baba Kwangu alitaka afukuzwe siku ile ile. Hana roho mbaya, anamwangalia Kwangu na anaogopa pia. Akaniambia, "Utakufa kwa wema wako." Kikao cha kitongoji kilikaa. Wengine walitaka afungwe kamba, wengine wakasema apakiwe kwenye basi la kwanza linaloondoka hapa, ashukie popote litakapoishia. Nilisimama nikawaomba, mimi niliyetajwa. Mwisho wakatoa mwezi mmoja: ndugu zake waje, wasipokuja ataondolewa. Wiki moja imeshapita nikiwa naogopa kuandika barua hii.

Nilikwenda zahanati peke yangu, nikajifanya naulizia mtu mwingine. Muuguzi pale, mama mmoja mtu mzima, alinisikiliza hadi mwisho bila kuandika chochote. Kisha akaniambia, "Huyo anaumwa, kama mtu mwenye presha anavyoumwa. Dawa zipo. Mpelekeni Mpanda, hospitali ya mkoa, kuna daktari wa magonjwa ya akili. Lakini aende na mtu anayemwamini, maana dawa hizo anakunywa muda mrefu." Nikamuuliza, na kama mtu aliyekuwa anamwamini ndiye anayemkimbia sasa? Akaniambia atafutwe mwingine. Alilisema wazi tu, na mimi nililia pale kwenye benchi hadi watoto wa watu wakaniangalia.

Kwa sasa ninafanya hivi. Nina jirani wa kabila la Wapimbwe, Mama Esta, anakaanga mandazi pale njia panda, ndiye pekee asiyeniogopa. Mimi napika ugali na mboga kwangu, nampelekea kwa mlango wa nyuma, yeye anahamishia kwenye bakuli lake na kumpelekea Ngolo kama chake. Ngolo anakula. Juzi Mama Esta aliniambia kwamba Ngolo amemsifu, amesema mlenda wake unamkumbusha wa kwao. Nilicheka, dada, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Halafu nilikaa chini nikashindwa kuinuka.

Kuna siku nilimsikia ndani mwake akiimba ule wimbo tuliokuwa tunaimba tukichuma pamba, sisi watatu, wewe ukiongoza kwa sauti yako ya chura. Nikasahau yote, nikaenda hadi mlangoni nikaupokea. Akanyamaza. Akaniangalia, na macho yake hayakuwa na hasira hata kidogo, yalikuwa ya mtu anayeomba asipigwe. Akaniuliza kwa sauti ndogo sana, "Minza, nilikukosea nini?"

Nilirudi nyuma hatua kwa hatua ili asiogope zaidi.

Sasa ombi langu. Nenda kwa mama yake Ngolo wewe mwenyewe, usimtume mtu. Mwambie yote, pamoja na kwamba mwanae amenitaja. Najua utataka kulificha hilo ili kunilinda. Usilifiche. Watakuja kulisikia huku kwa watu, na hapo litakuwa na mkia na pembe. Wasiponiamini, bora wasiniamini wakiwa wamelisikia kwetu. Mwambie pia kwamba nilimdanganya kwenye simu, na kwamba nampigia magoti kwa hilo.

Kisha mwombe amtume Luhende. Ngolo anamtaja kaka yake huyo hata katikati ya maneno yake ya kuchanganyikiwa, anasema wale watu wanamwogopa Luhende. Hakuna mwingine. Aje kabla ya mwezi huo kwisha. Asimrudishe huko kwa waganga wa nyumbani, nakuomba ulisisitize hili hadi uchukize. Amchukue hapa ampeleke Mpanda, akae naye huko, amwone anameza dawa kwa macho yake. Mimi nitabaki huku nikiangalia nyumba yake na majaruba yake, ili akipona akute pa kurudi.

Msalimie mama, mwambie Kwangu anamjua kwa picha. Msalimie shemeji, fundi wetu wa baiskeli asiyemaliza kazi ya mtu. Msalimie baba mdogo mlinzi wa stoo ya pamba, na shangazi wa kanisani, mwambie aniombee bila kuuliza sababu. Kwa mama yake Ngolo sijui nitume salamu gani. Mshike mikono tu.

Na jambo la mwisho, dada, ulimweleze Luhende vizuri. Najua mila, najua mtu wa kwetu akifika ugenini anaanzia kwa mtu wa kwetu, anapewa maji, anakula, analala. Yeye asifanye hivyo. Akishuka kwenye basi asije kwangu. Nitakuwa uwanjani kwetu siku hiyo na nitamwona, lakini anipite bila kunisalimia, aende moja kwa moja kwa Ngolo. Amwambie amemkumbuka tu dada yake, amekuja. Asimwambie ni nani aliyemwita.

Mdogo wako,
Minza, Mama Kwangu