Oha, na Jaruba la Baba Yako

Keanae, Maui
14 Septemba 2009

Mpendwa Makanani, mtoto wa ndugu yangu,

Pokea salamu zangu, wewe na binti yako Noe, huko Las Vegas kwenye joto lenu. Kifua kimepona? Usiingie chumba cha baridi cha hoteli unakofanya kazi bila sweta. Mimi figo zimechoka. Daktari hataji tena miezi, ananishika mkono tu. Ndiyo maana mwandiko unapanda na kushuka. Barua hii nimeiandika kwa siku nne.

Uliniuliza, kwa ajili ya masomo ya Noe, neno ohana limetoka wapi. Mwambie limetoka shambani. Kalo, gimbi letu, likikomaa huzaa machipukizi ubavuni, nayo huitwa oha. Hapo ndipo tulipopata ohana, jamaa: waliochipuka kwenye gimbi moja. Oha huchomolewa na kupandwa pengine, na bado ni gimbi lile lile. Nilifundisha hivyo darasani miaka thelathini na mmoja, uso mkavu.

Wazee walisema pia kwamba gimbi la kwanza liliota juu ya kaburi la mtoto aliyezaliwa mfu, Haloa, kaka yetu sote. Kwa hiyo bakuli la poi, magimbi yaliyopondwa, likishafunuliwa, hakuna kugombana wala kudai kitu. Kaka mkubwa yupo.

Sasa nikuambie nilivyoitumia heshima hiyo.

Babu yako alipokata roho nilikuwa naye peke yangu. Alisema jaruba la juu, lile la chemchemi, ni la Nahoa, baba yako. Nahoa alikuwa jeshini. Aliporudi sikumwambia. Mume wangu alikuwa amekufa, Kimo wangu bado mdogo, na jaruba lile ndilo pekee lisilokauka.

Kila Nahoa alipokuja kuuliza, nilifunua bakuli.

"Dada, kwani baba hakusema lolote juu yangu?"

"Kula kwanza, Nahoa. Bakuli liko wazi."

"We dada wewe! Poi yenyewe ya kuchota kwa vidole vitatu, nyepesi kama uji wa mgonjwa, lakini huchoki kuifunua!"

Tulicheka. Alikula, akaenda zake. Mwaka mzima ulipita hivyo. Mara ya mwisho alishika kifuniko akalifunika bakuli mwenyewe, akasema taratibu, "Sasa nijibu, dada." Nikalifunua tena. Alinitazama, akanawa mkono, akatoka. Mwezi uliofuata aliwapandisha ndege, wewe na mama yako, mkahamia huko nyote watatu. Ulikuwa na miaka minne, na ulinipungia mkono.

Kila Krismasi alipiga simu kuniuliza hali. Habari za jaruba hakuzigusa hadi alipofariki. Alijua, Makanani. Nadhani alijua tangu siku ile.

Jumapili iliyopita nilimwita Kimo na mchungaji, nikaagiza meza isiwekwe chakula, nikasema yote. Kimo alipiga ukuta ngumi. "Mama, miaka ishirini napalilia pale! Kumbe napalilia shamba la mtu?"

"La mtu, mwanangu. La Makanani."

Alitoka akashika jembe. Siku ya tatu aliingia na tope magotini, akasema, "Mwandikie mfereji nimeuzibua. Na asije hapa na viatu vyake vya hotelini." Usimchukie. Mkosaji ni mimi, yeye alirithi tu uongo wangu.

Hati iko kwa jina lako. Nakala nimeitia humu.

Nilichomkosea baba yako siwezi kukuomba wewe unisamehe kwa niaba yake. Naomba uje tu ukishike kilicho chako. Ukikuta nimekwisha kuzikwa, usianzie kaburini kwangu. Panda juu kwanza, uvue viatu, uingie majini, na umwonyeshe Noe mahali ambapo baba yako angesimama.

Msalimie sana mama yako Lehua. Kimo na mkewe Iwalani wanawasalimu. Mungu awalinde njiani, awafikishe nyumbani mkiwa wazima.

Ni mimi niliyekupenda, na niliyekukosea,

Shangazi yako, Halia