Ile "Nimeshakunywa" ya Bibi

Wanangu,

Nimerudi kuchukua nguo za bibi yenu tu, naenda tena hospitali. Dagaa wako jikoni. Msiwatoe miiba, daktari amesema inajenga mifupa. Mlango wa nyuma ufungeni.

Bibi amevunjika mkono. Hakuanguka. Aliinua sufuria ya maziwa ammiminie mdogo wenu Kitinda, nikasikia mfupa ukilia nikiwa chumbani.

Daktari anasema mwili ukikosa kalsiamu huichota kwenye mifupa, kidogo kidogo, mpaka mfupa unakuwa kama biskuti. Akamuuliza bibi kama huwa anakunywa maziwa. Na mkono wake unaning'inia vile, bibi akajibu: "Nimeshakunywa." Jibu lilelile la kila asubuhi, huku maziwa ya glasi yake yanahamia kwenye kikombe cha Kitinda na sisi wote tunacheka.

~~Kitinda asiguse tena maziwa.~~ Hapana, anywe. Mtoto hana kosa.

Maziwa yaliyobaki yamo kwenye chupa ya chai. Jioni tukirudi, mmiminieni bibi kabla hajakaa. Halafu msimsubiri aseme. Semeni nyie kwanza: "Bibi, sisi tumeshakunywa."

Mama yenu